Upinde wa Bomba Katika Bwawa la Mtu

Mimi kitu cha kunishangaza duniani hakipo. Niliacha shule darasa la sita, nikachimba mitaro ya maji Nakuru nikiwa sijaota ndevu, nikafika Doha na begi moja, nikalala chumba cha watu kumi kule Industrial Area miaka sita. Leo nina karakana yangu huko huko, mafundi saba wananiita bosi, na pikapu mbili zina rangi yangu. Nimesikia bomba likivuja mita mbili chini ya mchanga kwa sikio tu, bila mashine. Kwa hiyo nikieleza habari za lile bwawa, usidhani anayeeleza ni mwoga.

Lilikuwa shambani kwa Mkatari mmoja, mbali nje ya Al Rayyan, mahali ambapo lami inaisha na simu inaanza kutafuta mtandao. Bwawa la kumwagilia mitende. Mimi ndiye niliyekuwa nikitengeneza pampu zake. Mtunzaji wa shamba alikuwa mzee wa Mombasa, mtu wa swala tano, na kwa kuwa alinizidi umri nilimwita Ami. Alikuwa na miaka kumi na moja pale, peke yake na mbuzi.

Mwenye shamba alikuwa ametia bwawani samaki wa kapu, wale wanene wenye magamba kama sarafu na masharubu mdomoni, ili wale majani ya majini. Wakala majani yakaisha. Wakazaana. Kisha wakaanza kufukua tope usiku na mchana, maji yakawa kama chai ya maziwa, na tope likaingia kwenye pampu. Nilikuwa naisafisha leo, baada ya wiki mbili naitwa tena.

Siku moja Ami akakaa kando yangu nikiwa nafungua boliti. "Fundi, hawa samaki watanivunjia safari. Binti yangu aolewa mwezi ujao. Bwana keshaniahidi likizo na tiketi, lakini asema pampu itulie kwanza. Nikikosa harusi hii, fundi, sina uso wa kurudi nao kwetu tena."

Wavu ulikuwa umejaribiwa, ukachanika kwenye matete. Sumu haikuwezekana kwa sababu mbuzi wanakunywa pale. Nikamwambia nitawapiga mishale.

Akasema, "Upinde ni wa Wakamba. Nyinyi kwenu mwajua jembe."

"Basi wiki hii mimi ni Mkamba."

"Haya, Mkamba. Usinipige mbuzi."

Nilikuwa nimeona kwenye simu wazungu wakifanya hivyo kwa pinde zenye magurudumu. Bei yake ni ya kichaa, na ukiagiza sijui forodha watakuuliza nini. Mimi sikununua. Wewe unayetaka kuanza na mfuko hauna kitu, sikiliza. Nilichukua bomba la plastiki la inchi moja, nikalipasha moto kwa mashine ya hewa moto, nikalibana ncha zote mbili zikawa bapa, katikati nikaacha mviringo wa kushika. Ndani nikapitisha fimbo ya faiba ili lisivunjike. Mishale nikakata kutoka kwa faiba zile tunazopitishia nyaya za stima ukutani. Kichwani nikatia msumari wa inchi nne, nikauchonga, nikauchomea ndoano mbili ndogo ili samaki asichomoke. Kamba ya nailoni nikaizungusha kwenye chupa ya maji iliyofungwa kwenye upinde, mshale ukienda kamba inafunguka yenyewe. Miwani ya jua ya dukani, ile inayokata mng'aro wa maji, ndiyo kitu pekee nilichonunua. Kazi ya jioni mbili. Mtu mwenye digrii asingeweza.

Ijumaa, maana huko ndiyo siku yetu ya ibada, nikatoka kanisani Mesaimeer, nikavua tai garini, nikaenda. Mishale kumi ya kwanza ilikosa yote. Maji ni mwongo: samaki unayemwona hayupo pale unapomwona, yuko chini zaidi. Ukilenga mgongo unapita juu yake. Nikajifunza kulenga kiganja kimoja chini ya tumbo, na wa kumi na moja ukaingia. Kamba ikakaza, maji yakachemka, nikamvuta hadi kwenye matete. Alikuwa mzito kama mtoto wa mwaka mmoja. Alifungua na kufunga mdomo bila sauti, akitutazama, mpaka Ami akageuka upande.

Ijumaa nne nilienda. Nilitoa samaki hamsini na kitu. Wenzangu wa kanisani wakakaanga wakanisifu. Kila mshale uliokosa ulikuwa unazama kwenye tope, nami nauvuta kwa nguvu, na ndoano zinarudi na vipande vyeusi, laini, kama majani yaliyooza. Nilivipangusa kwenye suruali nikapiga tena.

Wiki ya tano Ami akanipigia simu. "Fundi, maji yashuka."

"Ni joto."

"Joto nalijua. Hili si joto."

Nilipofika niliona mstari wa tope bichi umezunguka bwawa lote, upana wa shibiri mbili. Kesho yake ulikuwa shibiri tatu. Nilimwambia ni kiungo cha bomba kimeachia, nitakikuta. Nikachimba siku mbili kati ya bwawa na pampu. Nikalala kifudifudi na sikio mchangani, jua likinichoma shingo, na sikusikia kitu. Bomba linalovuja huwa linaongea. Hapa palikuwa kimya. Hata mbuzi walikuwa wamekaa mbali na maji, wamejipanga kwenye uzio wakituangalia.

Alasiri ya siku ya pili mwenye shamba akaja. Hakupaza sauti. Alisimama ukingoni, akatazama ule mstari, kisha akamuuliza Ami kwa Kiarabu, polepole kiasi kwamba hata mimi nilielewa: ameuza matangi mangapi ya maji kwa majirani.

Ami akasema hajauza hata ndoo. Mwenye shamba akasema maji hayana miguu. Akasema hadi Ijumaa apate jibu, la sivyo likizo hakuna na kazi khalas, imekwisha. Akaingia garini. Vumbi lake lilikaa hewani muda mrefu.

"Nitafutie hilo bomba, fundi," Ami akasema. Alikwenda kuwapa mbuzi maji kwa ndoo, akipima kama mtu anayepima mafuta.

Nikazunguka nyuma ya tuta, upande wa chini, ambako hakuna anayefika. Mchanga ulikuwa mweusi. Majani mabichi yalikuwa yameota, membamba, mstari mrefu, katikati ya jangwa ambalo hakuna mtu aliyepanda kitu. Maji yalikuwa yanatokea bwawani kwenyewe, si kwenye bomba.

Nikarudi, nikavua viatu, nikaingia bwawani mpaka magoti, mahali nilipozoea kupigia. Nikazamisha mkono kwenye tope. Chini ya tope, kina cha kiganja, nikagusa kitu laini, kisicho udongo. Plastiki. Bwawa zima lilikuwa limetandikwa plastiki nyeusi, na mimi, mtu wa maji miaka thelathini, sikuwahi kuuliza limekaa juu ya nini. Kidole changu kikaingia kwenye tundu, lenye kingo zilizochanwa na ndoano zangu. Maji yalikuwa yanakinyonya kidole, taratibu, kama ndama. Nikasogea hatua moja nikapata lingine. Hatua nyingine, mawili.

Ami alikuwa amesimama juu. "Umelipata?"

Nitasema ukweli. Ningeweza kutoka, nikanawa, nikasema sioni kitu. Mwenye shamba hakunidhania mimi hata kidogo. Angeondoka Ami, mimi ningeendelea kuitwa kwa pampu. Hakuna mtu aliyeziona zile ndoano ila sisi wawili, na yeye hakujua maana yake.

"Si bomba, Ami," nikasema. "Ni mimi."

Akashuka, akatia mkono wake karibu na wangu, akapapasa. Uso haukubadilika. Alisema tu, "Subhanallah, Mkamba."

Jioni ile nilikwenda kwenye majlis, ukumbi wa wageni wa mwenye shamba, na upinde mkononi, maana sikujua Kiarabu cha kutosha kueleza bila kuonyesha. Akaushika, akauvuta kidogo, akauweka chini. Akasema Ami atasafiri, na bwawa ni langu mpaka litakapojaa.

Tulilimaliza maji. Kapu waliobaki walilala kwenye tope wakipiga mikia, mamia, tusiowahi kuwaona, na walichukua siku mbili kutulia. Kwenye plastiki nilihesabu matundu mia moja na tisa. Haikuzibika, ilibidi itandikwe mpya yote. Ami alisafiri Jumatano, tukiwa bado tunachota tope. Plastiki, wafanyakazi, kuzika samaki, na matangi ya maji ya kulijaza tena nililipa mimi mwenyewe, kwa awamu tatu: riyali elfu thelathini na moja, mia sita na arobaini.