Mungu ni Kama Baba Yangu

Kanisa letu la Mbooni lilinuka sweta zilizoloa. Ukungu wa asubuhi ulitulowesha tukipanda mlima, na tukishabanana kwenye mabenchi, joto la miili liliamsha harufu ya sufu, moshi wa kuni na mafuta ya kujipaka. Likizo moja utotoni nilikuwa najiandaa kubatizwa pamoja na binamu yangu Kioko, na kila mtoto alipaswa kusimama mbele ya pasta na waumini aeleze Mungu ni nani, kwa maneno yake mwenyewe. Aliyeshindwa angesubiri mwaka mwingine. Mama alikuwa ameshanishonea gauni jeupe, na kwa jinsi nilivyokuwa nikirefuka, gauni hilo lisingesubiri.

Kioko alitangulia. "Mungu ni mkubwa kuliko mlima huu." Pasta akamuuliza, "Kwa hivyo ana mwisho, ila uko mbali kidogo?" Kioko akakuna kichwa, kisha akaomba ruhusa aende chooni. Zamu yangu ikafika. "Mungu ni kama baba yangu," nikasema. Pasta akatabasamu, baba, aliyekaa benchi la mbele, akanyoosha tai. "Endelea, Ndinda." Nikapata moyo. "Ana nguvu, anatulisha, anatupenda. Lakini ukimwita mara ya kwanza haitiki, na ukimwomba kitu anasema tutaona."

Kanisa zima likaangua kicheko. Baba akainama kama mtu aliyeangusha kitu chini ya benchi. Ndipo Mama Kanini, jirani yetu ambaye mahindi yake yalikuwa yananyauka shambani, akasimama. "Msimcheke mtoto. Mimi mvua nimeomba tangu tupande, na naona jibu ni hiyo 'tutaona' tu." Kicheko kikakatika. "Pasta, hebu tuambie wewe." Pasta akafungua mdomo. "Mungu ni..." Akatazama dari, akatutazama sisi, akavua miwani akaipangusa. "Mama, nimehubiri miaka mingi, na hapo ndipo mimi hukwama." Akatupitisha sote, hata Kioko aliyekuwa bado chooni.

Siku hizi nafundisha somo la dini katika shule moja ya Kitui. Wanafunzi wangu humweleza Mungu kwa hoja zilizopangika, mwandiko safi, wala hawasiti popote, nami natia alama ya vema haraka haraka. Juzi msichana mmoja aliacha nafasi tupu, akaandika pembeni kwa penseli: "Mwalimu, bado nafikiria." Mwongozo wa kusahihisha unataka sufuri. Nikampa sufuri, kisha nikakaa na karatasi yake mpaka chai ikapoa.