Yangeyange wa Kisiwa cha Masinga

Loise alishona nguo katika soko la Ekalakala mpaka macho yakashindwa kuingiza uzi kwenye sindano. Alipofunga kibanda, majirani walidhani atakaa nyumbani tu. Yeye akaanza kumwomba mvuvi Muema amvushe hadi kisiwa cha mbali, kaskazini mwa bwawa la Masinga, ambako yangeyange hujenga viota kwenye migunga. Vitu vya karibu vilimpotea, lakini ndege mweupe juu ya mti alimwona vizuri. Alikaa akitazama dume akileta kijiti, na jike akikikataa na kukitupa majini. Alijua pia mmea upi huota maji yakishuka na upi huchanua kabla ya mvua.

Mwaka wa ukame alishuka mashuani akakuta mbuzi walioletwa kisiwani kutafuta malisho. Walikuwa wamemaliza vichaka, sasa wanabambua magome ya migunga. Loise alilia, kisha akapandwa na hasira, akaenda sokoni kwa mwenye mbuzi, Nuradin, mfanyabiashara wa mifugo.

"Baba Barni, mbuzi wako wanamaliza kisiwa."

"Mama Tracy, huku hakuna hata jani. Unataka wafe ndio ndege waishi?"

Loise alikuwa ameziona mbavu za wale mbuzi. "Sitaki wafe. Twende tu uone."

Nuradin alikubali ili yaishe. Kisiwani, yangeyange alitua, makinda wakamrukia mdomo wakigombania samaki.

"Kumbe wameshaangua?"

"Ndiyo. Mti ukikauka, jua litawaua."

Nuradin alipapasa shina lililobambuliwa. "Sasa mbuzi nitawapeleka wapi?"

"Kaka yangu Munyao, kule Mwala, ako na mabua mengi ya mahindi yaliyokaukia shambani. Nimeshampigia simu. Amesema uwalete."

Nuradin akacheka. "Kwa hivyo ulikuwa umepanga!"

Mbuzi walivushwa, Muema akilalamikia mavi yaliyojaa mashuani. Migunga kadhaa ilikauka hata hivyo, na makinda wengine wakafa. Lakini mvua iliponyesha, vichaka vilichipua kutoka chini, na msimu uliofuata yangeyange wakarudi, wengi kuliko Loise alivyotarajia.

Nuradin alikuja kuwaona akiwa na mkewe, Hoodo. Hoodo aliwatazama ndege kidogo, kisha akainama.

"Na haya majani yanaitwaje?"

Loise akasogea, akaanza na lile lililokuwa karibu na kiatu cha Hoodo.