Nyungunyungu wa Jirani Yangu

Jirani yangu ndiye aliyenipa jina la Bwana Fagio, na kijiji kizima kikalipenda kuliko lile nililopewa na baba yangu. Ilikuwa zamani za utawala wa Wajerumani. Nilikuwa kijana, ndiyo kwanza nimerudi Busale kutoka kwenye bustani ya Mjerumani mmoja huko milimani, nilikokuwa nyapara wa vibarua. Yule bwana hakutaka kuona jani limelala juu ya udongo. Tulichoma magugu, mabua, hata majani ya migomba, kisha tukafagia. Nyungunyungu akitokea kwenye jembe, tulimkata vipande. Alisema udongo mchafu huzaa magonjwa, na aliyebisha alilazwa chini akachapwa kiboko. Nilichapwa mara moja. Baadaye nikawa mimi ndiye ninayewashika wenzangu miguu wakichapwa.

Kwetu Unyakyusa vijana wa rika moja walijenga kijiji chao wenyewe, mbali kidogo na baba zao, wakalima mashamba yaliyopakana. Langu lilipakana na la huyo jirani, ambaye tulichunga naye ng'ombe tangu utotoni. Alilima kama wengine: alipindua nyasi mbichi, akazifunika ndani ya tuta zioze, akaongeza samadi ya zizini. Ila chini ya migomba yake alizidisha. Alirundika majani mpaka magotini, yenye unyevu mwaka mzima, wala si kwa hekima yoyote. Alikuwa mvuvi wa ndoana, na hapo ndipo alipofuga chambo chake. Alifukua nyungunyungu wanene kama kidole, wakubwa akaenda nao mtoni, wadogo akawarudisha.

"Waacheni wanenepe," alikuwa akituambia. "Hawa ndio ng'ombe wangu. Hata mwizi hawataki."

Mimi nilichoma na kufagia. Msimu wa kwanza majivu yalinipa mahindi marefu kuliko ya mtu yeyote, nikaenda kusimama mpakani ili anione nimesimama.

"Njoo ujifunze kulima, mfuga minyoo."

"Fagia tu, Bwana Fagio," akajibu bila kuinua kichwa. "Huenda Mzungu wako akaja kulala humo."

Masika yaliyofuata yaliugonga udongo ule mtupu mpaka ukawa kama sakafu ya nyumba. Maji hayakuzama. Yalipita juu yakateremka mtoni na weusi wote wa shamba. Maharage yangu yalichipua yakiwa manjano, yakafa manjano. Kwake, ng'ambo tu ya mpaka, yalikuwa ya kijani kilichokolea, na jembe lilizama kama katika uji. Mke wangu akaanza kwenda kuomba ndizi kwa mke wake. Alirudi na ndizi, na nyuma yake tulisikia kicheko.

Jioni moja tukinywa pombe ya ulezi, jirani akiwa hayupo, nilisema kama mtu anayetania, "Chakula cha shamba langu kina miguu. Sijui huwa kinakwenda kulala kwa nani."

Hakuna aliyecheka. Mmoja akauliza, "Yule mwenzetu na vitu vyake vya chini ya migomba, ni vya kuvulia kweli?"

"Ndivyo anavyosema," nikajibu.

Sikuongeza neno, wala halikuhitajika. Kwetu iliaminika kwamba mchawi hubeba joka tumboni, na joka hilo ndilo hutoka kwenda kula vya watu. Mtu anayefuga vijoka vya udongo na kuvinenepesha, shamba lake likistawi huku la jirani likifa, nani angemtafutia shahidi?

Mkuu wa kijiji chetu alikuja na vijana. Walifukua chini ya migomba, wakawatupa nyungunyungu juani, kuku wakawagombania. Mwanzoni jirani yangu alicheka, akidhani ni mzaha wa rika.

"Ni chambo, jamani. Mwulizeni huyu. Amekula samaki wangu mara ngapi?"

Wote wakanigeukia.

"Samaki nilikula," nikasema. "Walivuliwa kwa chambo gani, sikuuliza."

Kicheko kikamtoka usoni. Aliondoka siku ileile na mkewe, mtoto wao wa kunyonya na ng'ombe waliokuwa nao, kuelekea ufukweni mwa ziwa kwa ndugu za mke, Wakisi wafinyanzi wa vyungu. Nyumba yake ya mianzi ilibomolewa kabla hawajavuka mto. Boma la Wajerumani halikuambiwa. Shamba lake nilipewa mimi, kwa kuwa ndimi niliyedhulumiwa.

Nilijaribu kwanza kuliponya shamba langu. Nilijaza kikapu nyungunyungu waliosalia, nikawamwaga huko. Ardhi ilikuwa ngumu, hawakuweza kuingia. Walijinyonganyonga juu yake mpaka siafu walipokuja kuwachukua. Basi nikageukia lake. Na hapo ndipo nilipojua nimejifungia mlango kwa mkono wangu: nani angenivumilia nikirundika majani na kufuga minyoo mahali pale pale? Ningekuwa mchawi wa pili. Watu walipita mpakani wakichungulia. Nikachoma, nikafagia. Na kwa hofu hiyohiyo wote wakaanza kufagia chini ya migomba yao, kila mmoja akimtazama mwenzake. Baada ya misimu michache migomba ilikuwa ikianguka yenyewe.

Miaka mingi baada ya Wajerumani kuondoka, nikiwa mtu mzima, nilibahatika kuingia darasa la kilimo. Mwalimu alitufundisha kwamba nyungunyungu huvuta majani chini, huyala, na kinyesi chao ni mbolea. Vijia vyao hupitisha maji na hewa. Na pamoja nao wamo mbawakawa, kuvu wa nyuzi nyeupe na viumbe wasioonekana kwa macho, wanaoozesha vilivyokufa ili vilivyo hai vipate kula. Alisema mkulima ana mifugo mingi zaidi chini ya ardhi kuliko juu. Darasa lilicheka. Mimi niliomba ruhusa nikatoka nje.

Lakini jirani yangu nilikuwa nimekutana naye tena zamani, kabla ya vita vilivyowaondoa Wajerumani. Nilikwenda soko la ufukweni na kuku mmoja, kubadilishana na chungu. Nilimkuta amebeba udongo wa mfinyanzi kichwani, akiwafuata wanawake.

"Ugonile, Bwana Fagio," akanisalimu.

Nikaitikia, nikamwuliza habari za mtoto.

"Huku ni mchanga. Hakuna kinachoota. Mama yake alikauka maziwa, na mtoto hakuona masika ya pili." Akautua udongo. "Nyungunyungu wangu hawajambo?"

"Hawajambo."

"Wamenenepa?"

"Wamenenepa," nikasema. Sijui hata sasa kwa nini sikuweza kumwambia jambo lolote la kweli.

"Mwongo. Watu wa Busale huja hapa kila soko, wamekonda kama ndoana. Wananiambia mnafagia mchana kutwa."

Alichagua chungu kimoja kikubwa, chepesi, kilichochomwa vizuri, akanitilia mikononi. Nilipompa yule kuku, akakataa kumpokea.

"Mpelekee shemeji," akasema. "Mwambie apike fagio."

Wanawake walicheka. Nilikipokea, nikamwambia ndaga, asante ya kwetu, nikashika njia. Nyumbani mke wangu aliniuliza kuna nini cha kutia ndani yake.