Kadi ya Chakula ya Ilarie

Mimi nina hasira za karibu, nakiri, na jirani yangu Paraschiva alizipandisha zote siku ile Nelu wa posta alipomletea kadi.

Mwaka ule mafuta ya alizeti yalipanda bei, sukari ikafuata, mkate nao tukawa tunaukata kwa kuuonea huruma. Serikali ikasema wazee wa pensheni ndogo watapewa kadi ya kununulia chakula. Ikachelewa, we! Ilipofika ina jina la Ilarie, mume wa Paraschiva, na Ilarie ana wiki ya tano kaburini.

Nelu akamnyooshea kalamu. "Shangazi, tia sahihi. Ofisini hawajamfuta bado, na mimi sijaona wala sijasikia. Kufa kufaana."

Paraschiva akaitazama tu. Tangu mazishi alikuwa hivyo: halii, hasemi, ukimwita anageuka baada ya muda, kama kisima kirefu ukitupa jiwe.

"Jumamosi ni arobaini yake," akasema. "Lazima nilishe mtu kwa ajili ya roho yake, na ndani sina kitu."

"Si ndiyo hiyo sasa! Chukua!" nikamwambia.

"Nikinunua kwa hii, chakula ni chake. Atakuwa amejilisha mwenyewe. Maiti hajitolei sadaka, dada. Huko aliko atabaki na njaa."

"Wee Paraschiva! Kwani Mungu atadai risiti?"

Hakucheka. Akamrudishia Nelu kadi. "Andika amekufa."

Nelu akaandika. Nilifoka mpaka koo likakauka, nikawaita wote wawili wapumbavu. Kisha nikanyamaza, maana hata mama yangu angefanya vilevile.

Jumamosi akaniita mimi peke yangu. Nyumba baridi, jiko halina moto. Mezani mshumaa mmoja, sahani ya maharage, kipande cha mkate, na ngano ya kuchemsha, ile ya kumwombea marehemu, haijai kiganja. Nikachungulia jikoni: sufuria imekwanguliwa, chupa ya mafuta imesimamishwa kichwa chini.

"Tule wote basi, Paraschiva."

"Ya kwako hiyo. Kula."

Ningekataa vipi? Ukiikataa sadaka ya arobaini umemnyima marehemu, hilo kwetu halina mjadala. Nikala. Nilijichukia, jamani, na bado nikala. Yeye kasimama ananitazama mdomoni, uso mkavu, midomo imempasuka, mpaka nikafuta sahani kwa mkate wa mwisho.

"Ameshiba?" akauliza.

Hakuuliza habari zangu; aliuliza za Ilarie.

"Ameshiba," nikamjibu.

"Haya."

Akazima mshumaa, akaichukua ile sahani tupu. Alipofika mlango wa jikoni akanipa mgongo, akapitisha kidole kwenye ukingo wa sahani, akakilamba.