Nili ya Idd

Marehemu mama alikuwa akifunga nili kwenye kitambaa, anaizungusha kidogo tu ndani ya beseni, kisha anatumbukiza kanzu za baba. Buluu ya kuzidisha weupe! Nimetangatanga Tanga, Pangani hadi Ubena, na kila penye duka la rangi naulizia buluu ya lile beseni. Sijaipata. Nachapa picha kwa vibao vya mninga, na kwa wino wa dukani bahari yangu hutoka kama mlango wa baa.

Mwaka huu nimepanga chumba Bagamoyo. Idd ilipokaribia nikapata nili, paketi ya mwisho dukani, nikaichanganya na kanji nzito ya muhogo ili ishike kwenye karatasi. Mara mama mwenye nyumba huyo mlangoni, kanzu ya mumewe mkononi, imeota umanjano wa sandukuni.

"Mwanangu, nili yote umeibeba wewe? Baba yako kesho anaswalisha Idd, ndiyo mara yake ya kwanza. Asimame mbele za watu na hii?"

"Nimeshaitia kanji, mama."

"Basi umenipunguzia kazi! Si hata mimi ningeitia?"

Akamimina bakuli zima kwenye beseni. Nikamwambia ni nzito mno. Akanijibu nichape picha, kufua nimwachie mwenyewe.

Kanzu ilitoka kambani imesimama. Buluu ya mbingu, ngumu kama bati. Mzee akaigonga kwa kidole, ikaitika.

"Mke wangu, hii navaa au nahamia?"

Kuifua tena haikuwezekana, mvua ilishaanza, na nyingine hana. Asubuhi akaenda nayo hivyohivyo, mikono imemkaa mbali na mbavu. Aliswalisha vizuri, sauti haikutetereka. Ila aliporukuu, kanzu ilichelewa kidogo kumfuata. Sisi wa safu ya kwanza tuliuma midomo.

Nje watu wakamzunguka. "Mzee, fundi wako nani?"

"Mwulizeni mpangaji wangu."

Sikukuu ilipokwisha, mama mwenye nyumba akaisuuza kanzu, akaniletea maji yake na beseni. "Rangi yako hiyo. Hapa hatudhulumu mtu."

Nikayachemsha mpaka yakawa uji, nikachapa. Bahari ikatoka buluu ileile ya beseni la marehemu mama. Mzee akaja, akainama kuitazama, safari hii bila shida.

"Bahari wapi? Huu mgongo wangu."