Niliondoka na Sufuria

Nasema wazi na sijutii: nilimnyima baba mkwe wangu maharage.

Miaka ile ya Ujamaa nilikuwa na kibanda cha chakula Tunduma, karibu na pale yalipoegeshwa malori ya kwenda Zambia. Kwetu Wanyiha mkamwana haongei na baba mkwe wala hamtazami usoni. Akiingia yeye, wewe unatoka. Basi mzee akaona hiyo ni neema. Kila mchana anakuja na rafiki zake, mimi natoka, wao wanajipakulia. Madereva wakifika wanakuta sufuria imekwanguliwa, wakaanza kuhamia kwa jirani. Unga wenyewe siku hizo ulikuwa wa kubahatisha. Nilijua ukiniishia bila cha kununulia mwingine, kibanda kimekufa, na mimi narudi kupalilia kahawa ya huyo huyo mzee.

Jioni tulisoma elimu ya watu wazima. Mwalimu wetu, mama mmoja asiye na mzaha, akaanza kutufundisha biashara.

"Mali ya biashara si mali ya nyumbani," akasema. "Kila anayekula analipa, hata wewe mwenye kibanda."

Tukaangua kicheko. Eti nijilipe mwenyewe! Lakini njiani kicheko kikaniisha, hasira ikanipanda. Kumbe muda wote ule nilikuwa nalisha kundi zima la wazee bure, huku najiita mfanyabiashara.

Kumwambia mzee alipe sikuweza, mila ilinifunga mdomo. Haya. Kesho yake akaingia na wenzake. Nikainama kwa adabu zote, nikajitwisha sufuria ya maharage, nikabeba na ugali, nikatoka. Nikauzia kule kule kwenye malori, chakula kikaisha chote.

Weee! Nyumbani kukawaka moto. Mama mkwe akaja mbio.

"We mkamwana, unamwachia baba yako viti vitupu?"

"Mama, mila inasema nimpishe, nimempisha. Wapi imesema nimwachie na sufuria?"

Akaenda kunishtaki kwa mwanawe. Mume wangu naye akanitaka niombe radhi. Nikamwambia bora anirudishe kwetu Iyula leo hii.

Nikaendelea kutoka na sufuria kila walipokuja. Rafiki za mzee wakapungua, mwisho wakapotea kabisa. Halafu mchana mmoja akaja peke yake. Hakuingia. Alinipa mgongo, akaweka mlangoni kikapu cha maharage ya shambani kwake, akakohoa.

Nilielewa. Moyo ulinidunda kwa furaha, sitaki kudanganya. Nikampakulia sahani ikajaa, nikaiweka mezani, nikatoka mikono mitupu. Alikula sahani yake, sufuria hakuigusa.

Jioni mume wangu alikuja kibandani, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Baba kashindwa na mkamwana!" akasema, huku anajipakulia.

Nikamshika mkono wenye upawa.

"Na wewe, kikapu chako kiko wapi?"