Spika za Harusi ya Khadija

Nikipita mahali fundi analehemu redio, harufu ya risasi inayoyeyuka hunisimamisha. Mara moja nimo tena katika ua wetu wa mtaa wa Shela, Malindi, miaka ya themanini, nina miaka kumi na mmoja, na Baba amechuchumaa mbele ya seredani ya Mama. Hakuwa na chombo cha kulehemu cha umeme. Alikuwa na kipande cha shaba alichokitia mpini wa mti, akikipasha juu ya makaa mpaka ncha ibadilike rangi, kisha anaigusisha kwenye waya na risasi, na moshi unampanda usoni naye hata hapepesi macho. Mama alilalamika kwamba samaki wake wa kupaka wana ladha ya redio. Baba alicheka tu, akasema watu wa mjini wangelipa kula samaki kama hao.

Baba alikuwa seremala. Karakana yake ilikuwa kibanda cha mabati nyuma ya nyumba, na humo mlikuwa na msumeno wa mashine alioununua kabla mimi sijazaliwa. Msumeno ule ukiwaka, mtaa mzima ulijua. Mbao za mbambakofi, zilizoletwa kutoka pande za Jilore, zilipiga makelele zikipasuliwa mpaka sisi watoto tukaziba masikio kwa vidole huku tunacheka, na yeye alisimama pale pale kutwa, miaka nenda miaka rudi, bila hata pamba. Nani siku hizo alijua habari ya kulinda masikio? Fundi aliyeziba masikio kazini angechekwa mpaka ahame mtaa.

Kazi yake ilikuwa vitanda na milango, lakini starehe yake ilikuwa spika. Masanduku aliyaunda mwenyewe, na spika zenyewe alizipata katika vyombo vikuukuu vya hoteli moja ya Watamu iliyokuwa ikibadilisha vitu vyake. Watu hudhani ukishapata sanduku zuri umemaliza. Wapi! Ndani ya kila sanduku Baba alitia ubao mdogo aliouita mgawaji, huu ambao mafundi wa leo wanauita krosova. Sauti hutoka kwenye amplifaya zikiwa zimechanganyika, nene na nyembamba pamoja, na kazi ya mgawaji ni kumpa kila mtu haki yake. Koili ya waya wa shaba huzuia zile nyembamba, spika kubwa ibaki na ngoma na besi. Kapasita huzuia zile nene, ili twita, ile spika ndogo, ipate fidla na vibati vya matari. Mbele ya twita hukaa rezista ya kuipunguzia makali, maana twita ina kelele kuliko umbo lake. Hesabu za mambo hayo alifundishwa na Bwana Jivan, Mhindi aliyekuwa na duka la vipuri vya redio karibu na soko, na Baba, ambaye shule aliiacha darasa la nne, alizipiga kwa penseli juu ya mbao. Koili alizisokota kwa waya wa mota za feni zilizoungua, na mizunguko aliihesabu kwa tasbihi ya Mama, punje moja mzunguko mmoja, mpaka Mama akamnyang'anya akisema hiyo si mita ya fundi.

Mwaka huo dada yangu Khadija aliposwa na watu wa Lamu. Nyumba nzima iliingia wazimu. Wale watu, tuliambiwa, wanajua harusi, wanajua nyimbo, hawadanganyiki kwa kitu cha ovyo. Baba akatangaza mbele ya wajomba kwamba hakodi vyombo kwa mtu. Binti yake ataketi kupambwa kwa spika za mkono wa baba yake, na wanawake wa Lamu watasikia fidla kama vile mpigaji kaketi mkekani pamoja nao. Fidla ndiyo aliyoipenda kuliko ala zote. Lakini kwa muda sasa alikuwa akilalamika kwamba kanda za siku hizi zimefifia, kwamba wanaorekodi wamekuwa wavivu, wanaificha fidla nyuma huko. Alizirudisha kanda mbili dukani kwa hasira. Sisi tulizisikia ziko sawa kabisa, ila hakuna aliyetutaka maoni.

Mimi akanifanya msikilizaji wake. Kila baada ya laasiri alinikalisha juu ya mkeka katikati ya ua, spika moja kulia na moja kushoto, akaweka kanda, kisha akasimama nyuma yangu na bisibisi mkononi. "Rukia mwanangu," aliniambia siku ya kwanza, "watu wazima wakija hapa wote wananisifu. Hata nikiwawekea sufuria watasema nzuri. Wewe bado hujajua hayo, wewe niambie kweli." Nilifurahi, jamani, nilifurahi hadi nikajiona mkubwa kuliko Khadija na harusi yake. Akawasha. Fidla ikaingia masikioni mwangu kama sindano, na kila mwimbaji alipotaja neno lenye sini, ile sauti ya s, nikasikia mtu anakwaruza bati. Nikamwambia, "Inachoma, Baba." Hakukasirika. Aliniuliza inachoma wapi, nikamwonyesha masikio na meno. Akakuna kichwa, akasema ajabu, yeye anaona bado imejificha, lakini akaingia karakanani kutafuta rezista kubwa zaidi kwa sababu mimi nimesema.

Mama aliyasikia yale akiwa jikoni. Aliniita, akanikalisha juu ya mbuzi na nazi mkononi, akanisemeza kwa sauti ya chini ambayo kwake ilikuwa mbaya kuliko kelele. "Baba yako hajalala vizuri wiki ya ngapi sijui kwa ajili ya dada yako, na wewe unamwambia kazi yake inachoma? Mtoto anamkosoa mzazi wake? Akikuuliza, sema nzuri. Umenisikia?" Nikasema nimesikia, Mama. Nilikuna nazi yote ile nikilia, na tui likatoka na machozi yangu, Mungu anisamehe.

Kesho yake Baba aliniweka tena mkekani na rezista yake kubwa, akaniuliza. Nikasema nzuri. Akashangaa. Akairudisha ile ndogo, akaniuliza tena kama fidla imekaribia. Nikasema imekaribia, nzuri zaidi. Loo, uso wake! Siku ile alinituma kununua kashata, akanipa zote. Ndipo akaanza kuzidisha. Aliondoa rezista kabisa. Akatia kapasita kubwa kuliko ile iliyo kwenye hesabu ya Bwana Jivan. Akaongeza twita ya pili kila sanduku. Na kila siku mimi kwenye mkeka, meno yananiuma, kucha nimezikaza viganjani, nasema, "Nzuri, Baba, fidla inasikika." Mama siku hizo, wakati wa kujaribu, alikuwa na haja zake kwa jirani. Mimi sikuwa na pa kwenda. Nilikuwa nampenda baba yangu na nilikuwa namdanganya, na niliona wazi kwamba anazidi kupotea, lakini kila nzuri niliyoisema iliifanya iliyotangulia iwe ngumu zaidi kuirudisha.

Siku ya kupamba ua ulitandikwa mikeka, kukawa na asumini na udi na wanawake wa Lamu wamevaa dhahabu mpaka viwiko. Wanaume walikuwa barazani upande wa nje, Baba akiwa kati yao katika kanzu mpya, anasubiri. Mimi nilipewa kazi ya kubadilisha kanda. Khadija akatolewa, akakalishwa, macho chini, na mimi nikabonyeza. Sitaki kusimulia sana. Vitoto vya maziwa viliangua kilio vyote kwa pamoja. Wanawake walijifunika masikio kwa mabuibui. Khadija, ambaye hakutakiwa kutikisika, alikunja uso mbele ya watu. Shangazi wa bwana harusi, Bi Zainabu, mwanamke mnene mwenye maneno yake, akasema, "Ya Rabi, hii harusi ama mnatutoa mapepo?" Vicheko vikalipuka ua mzima. Mama alisimama mlangoni, sinia ya halua mikononi. Bi Zainabu akavua leso yake ya juu, akaikunja mara nne, akaziba nayo twita za sanduku moja, na mwenziwe akaziba za upande wa pili. Sauti ikawa ya mtu anayeimba ndani ya kabati, lakini watu wakapumua, ngoma ya chakacha ikaendelea.

Wanawake walipoingia ndani kula, Baba alipiga hodi, akaingia uani kuona spika zake. Nilikuwa peke yangu, kanda bado inaimba. Aliziona zile leso, akatabasamu, akadhani ni utundu wa watoto. Akaitoa moja. Nami mwili wangu ukaruka wenyewe, sikuweza kuuzuia. Baba alinitazama. Akairudisha leso polepole, akatega sikio karibu kabisa na sanduku. Akaitoa tena, nikakunja uso tena. Akairudisha. Akaitoa. Mara ya nne hakuwa akiisikiliza spika kabisa, alikuwa akiutazama uso wangu tu, maana yeye kwake hapakuwa na tofauti yoyote, leso iwepo isiwepo. Nikaona rangi inamtoka.

"Tangu lini?" akaniuliza.

"Tangu mwanzo, Baba."

Hakunigusa. Hakupandisha sauti. Aliikunja leso ya Bi Zainabu vizuri, mara nne, pembe kwa pembe, akaiziba twita kwa mkono wake mwenyewe, akarudi kwa wanaume. Harusi iliisha vizuri, watu walisifu biriani. Baadaye alikwenda kwa daktari Mombasa, akaambiwa ni msumeno, masikio ya aina hiyo hayarudi. Spika alizigawa kwa mtu wa Matsangoni na sikumwona akilehemu tena.

Kosa langu hakunitajia hata siku moja, na ningependa angenitajia, angenipiga, tukamaliza. Alinipenda vile vile, alininunulia viatu vya skuli, aliniombea dua nikifanya mtihani. Ila hakuniuliza kitu tena. Kama chai ina sukari, alimuuliza Mama na chai nimeipika mimi. Kama kanzu imekaa sawa mabegani, alimuuliza Mama. Nikimwambia jambo, aligeuza macho kwanza kumtafuta Mama, na Mama akitikisa kichwa kukubali, ndipo aliamini. Miaka kumi na mitatu. Alipolazwa kwa mara ya mwisho, daktari akanieleza kwamba uvimbe umepungua na kesho atarudi nyumbani, nikamwinamia Baba nikamwambia kwa sauti kubwa na kwa ishara za mikono. Ilikuwa kweli tupu. Aligeuka kumtazama Mama.

Leo hospitali zinapima masikio kwa mashine, na mafundi nawaona wamevaa vifuniko vikubwa kichwani wala hakuna anayewacheka. Spika hununuliwa ndogo kama bilauri na mgawaji wake umefungiwa ndani, hakuna anayeuona wala kuuhesabu kwa punje. Na watoto wanasema. Binti yangu wa mwisho ana miaka kumi na mmoja na ana mdomo. Mwezi uliopita aliniambia mbele ya wageni kwamba pilau yangu ni chumvi tupu, na ilikuwa chumvi tupu. Mama, ambaye sasa ni mkongwe na anaishi nami, akaweka kijiko chini. "Mfunze mwanao adabu, Rukia."

"Mimi ulinifunza, Mama," nikasema. Sikuwa nimewahi kumjibu hivyo maishani mwangu.

Wageni walipoondoka aliniita chumbani kwake, akanitaka nifunge mlango. Alikaa kitandani, anaivuta ncha ya leso yake. Kisha akaniuliza kama Baba alikufa akijua ni nani aliyeniambia niseme nzuri. Nikamjibu hakujua, sikumwambia, ningemwambiaje mambo ya mkewe? Mama akalia, na mimi sikumwona Mama akilia hata siku ya mazishi.

"Ungemwambia, mwanangu," akasema. "Angenikasirikia mimi, akakurudia wewe."